Nani Anaingia Tangini? Kikwaruzo cha Kuzunguka na Makapi ya Mkarafuu

Hotuba mbele ya vijana wa mafunzo ya amali na wakenekaji wa mafuta ya karafuu, Chake Chake, Pemba

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa amali mliojibana huko nyuma: sogeeni mbele, viti vipo na simwiti mtu ubaoni. Nimeombwa nizungumze habari za mashine. Nitazizungumza, lakini kwanza nina suala moja kwa kila aliyekaa hapa mwenye tangi la kukenekea mafuta, yaani kuyatoa kwa mvuke. Mafuta yamekwisha kutoka, moto umezimwa, kifuniko kimenyanyuliwa, na makapi yamo ndani bado yanafuka. Nani anaingia?

Naona watu wanatazama chini. Anaingia kijana wa kazi. Anavua shati, anashika chepe na uma, anashuka kwa ngazi ya mti, na muda wote huo anapumua mvuke na harufu ya karafuu iliyo kali hata machozi yanamtoka. Akitoka tunampa pole na kikombe cha chai. Kesho anashuka tena. Nimekuja kuwaambia kuwa kazi ile ina mashine yake, kikwaruzo cha kuzunguka. Ni mashine ya zamani, haina miujiza, na vijana waliopo hapa wanaweza kuichomelea wenyewe. Lakini ina adabu zake, na asiyezijua atamtoa mtu tangini kwa mlango mmoja amrudishe kwa mwingine.

Tuanze na kilichomo ndani. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi inatoka huku kwetu. Karafuu yenyewe tunaianika na kuiuza; makonyo, yaani vile vijiti vinavyoshika karafuu, na majani ndiyo yanayokwenda kukenekwa. Karafuu kavu ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, makonyo kama 5 hadi 7, majani 2 au 3. Ifanyeni hesabu kinyume. Gunia la makonyo likishatoa mafuta yake yote, zaidi ya asilimia 90 ya uzito bado imo tangini, tena imelowa maji na imekuwa nzito kuliko ilivyoingia. Mtu akiuita huu mtambo wa makapi unaotoa mafuta kidogo kwa pembeni, kwa mizani hajakosea. Na bado tukijenga, akili yetu yote inakwenda kwenye mafuta: bomba, kipozeo, chombo cha kutenganishia. Makapi tunamwachia kijana na chepe lake.

Tena makapi hayafanani. Konyo lina vitawi, na vitawi vinashikana. Majani yanalaliana, na yakilowa yanagandana tabaka kwa tabaka. Wako wanaofungua mlango wa chini wakitaraji vitu vianguke vyenyewe. Havianguki, vinajifunga juu ya tundu, vinafanya daraja. Hapo ndipo mtu anapochukua mti mrefu akachokoa kwa chini. Jamani, msifanye hivyo. Daraja likikatika, kinachoshuka ni makapi ya moto na maji ya moto kwa pamoja, na wewe uko chini yake umeinua uso.

Sasa kikwaruzo chenyewe. Katikati ya tangi umesimama mhimili. Karibu na sahani yenye matundu, ile ambayo mvuke unaipitia, mhimili umefungwa mikono miwili au mitatu, na kila mkono una mabapa yaliyokaa mshazari. Mhimili ukizunguka, kila bapa linayasogeza makapi kidogo kuelekea upande mmoja: nje, ikiwa mlango uko ubavuni; ndani, ikiwa tundu liko katikati. Mzunguko mmoja hauyatoi. Bapa la kwanza linalikabidhi la pili, la pili linalikabidhi la tatu, mpaka yanafika mlangoni. Aliyewahi kumtazama mpika halua anaelewa ninachosema: mwiko wake haulali kabisa kwenye karai wala hausimami wima, unakwenda mshazari, unakwaruza na papo hapo unasukuma. Hapa mwiko ni wa chuma, basi, na mkono ni wa mota.

Wazo hili limezeeka duniani. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika machimbo ya dhahabu ya South Dakota, Marekani, mhandisi John Van Nostrand Dorr alitengeneza birika kubwa la duara lenye reki zinazozunguka taratibu kwenye sakafu yake, zikiburura tope lililotuama hadi tundu la katikati. Mabirika ya namna hiyo yangalipo mpaka leo kwenye migodi na kwenye mitambo ya maji machafu. Huyo Dorr, uzeeni, ndiye aliyepigania mstari mweupe uchorwe ukingoni mwa barabara ili dereva wa usiku aone lami inapoishia. Mtu aliyependa kingo, naona. Viwanda vya dawa navyo vina chujio liitwalo Nutsche, ambalo mkono wake una umbo la herufi S. Ukizungushwa upande mmoja unalainisha uso wa tabaka. Ukizungushwa kinyume, huku ukishushwa kidogo kidogo, unalikwaruza tabaka na kulitoa kwa mlango wa ubavuni. Hilo la kushushwa lishikeni, nitalirudia.

Kabla ya hapo nataka tukae mlangoni, maana hapa ndipo watu wanapoharibu.

Niliuona mtambo mmoja, si lazima niseme wa nani. Kikwaruzo kilikuwa kizuri, kimechomelewa kwa ustadi, mota mpya, rangi inang'ara. Mlango ulikuwa tundu la duara, shubiri mbili tu, limepandishwa kidogo juu ya sakafu. Wakawasha. Makapi yakaanza kuzunguka, yote kwa pamoja, yakipita mbele ya mlango kana kwamba yanauaga. Fungu dogo likitoka, mengine yanaendelea na safari. Fundi wa zamu akachukua uma, akasimama mlangoni. Mkono ukipita, anachomeka uma, analivuta fungu nje. Mkono ukikaribia kurudi, anachomoa. Anachomeka, anachomoa. Wenye mtambo wakawa wananionesha kwa fahari kwamba tangini hamna mtu tena. Ni kweli hamkuwa na mtu. Mtu alikuwa mlangoni, anacheza kidali poo na mota, na siku akipiga chafya wakati usiofaa ule uma utamrudia kifuani.

Kwa hiyo ukichora, anza na mlango. Uwe mpana kuliko unavyodhani unahitaji. Uanzie usawa wa sahani bila ya kizingiti, kwa sababu vidole viwili tu vya kizingiti vinatosha kuyarudisha makapi ndani kila bapa linapopita. Nje yake kuwe na mteremko wa kuyapeleka mbali, au toroli inayosubiri, yasije yakajazana mlangoni na kuziba. Baada ya mlango chora mabapa, yaelekezwe yanakopeleka. Baada ya mabapa, mikono. Mota ya mwisho kabisa. Vijana wengi wanaanzia mwisho: wanapata mota ya bei nzuri, halafu wanaitafutia tangi la kuiweka.

Nikija kwenye mwendo, kijana akisikia mashine anafikiria kasi, na hapa kasi ni adui. Mota ya kawaida ya kilowati 1.5, kwa umeme wetu wa hezi 50, inazunguka kiasi cha mara 1,440 kwa dakika, na nguvu yake ya msokoto ni karibu nyutonimita 10. Ni ndogo, makonyo yaliyolowa yataisimamisha hapo hapo. Ipitishe kwenye giaboksi mpaka mhimili uzunguke mara 4 tu kwa dakika, na kwa hesabu ya karatasi msokoto unafika karibu 3,600. Gia zinakula sehemu yake, lakini hata ikibaki nusu, ncha ya mkono wa mita moja inasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 180. Na mwendo wake? Katika tangi la kipenyo cha mita 2, ncha hiyo inakwenda chini ya nusu mita kwa sekunde. Mtoto anayejikokota kwenda skuli anaipita.

Huo upole ndio unaodanganya. Pangaboi linalovuma kila mtu analiogopa. Mkono unaokwenda taratibu hivi, mtu anajiambia ataingiza mkono wake atoe kipande kilichokwama, atauwahi. Sikilizeni: mashine ya namna hii ikikamata haina habari kuwa imekamata. Kilo 180 zinaendelea na mzunguko wao.

Sasa ile habari ya kushushwa. Mkono ukikaa chini siku zote, basi asubuhi unapowasha umezikwa. Tangi la mita 2 kwa mita 2 linachukua zaidi ya mita 6 za ujazo, na makapi yaliyolowa ndani yake yanaweza kupita tani moja. Unautaka mkono uanze safari na mzigo wote huo mgongoni, umeshashindiliwa na mvuke usiku kucha. Dawa ya kwanza, iliyo bora, ni mhimili unaopanda na kushuka kwa skurubu ndefu, mkono uanze juu na kukata tabaka kwa tabaka. Mlango nao unahitaji urefu wa kutosha kuyapokea yanayotoka juu. Ni kazi zaidi na ni gharama zaidi. Dawa ya pili, ya wenye mfuko mwepesi, ni mkono mwembamba wenye ncha iliyochongwa kama jembe la kulimia, unaotoboa njia kwanza, na kati ya giaboksi na mhimili unaweka pini ya kukatika.

Pini hiyo ni kipande cha chuma laini kilichokusudiwa kufa mwanzo. Mkono ukikwama, pini inakatika, mota inazunguka bure, na mhimili wenye thamani umesalimika. Iweke nje ya tangi, mahali unapoibadilisha umesimama chini bila ya kupanda wala kuingia popote. Halafu wallahi nakuombeni, pini ikikatika mara tatu kwa wiki msiende kutafuta bolti ngumu zaidi ya kuweka mahali pake. Fungueni mtazame kinachokwaza. Mara nyingi ni kichwa cha bolti kilichochomoza kwenye sahani, au vipele vya kuchomelea ambavyo fundi aliona uvivu kuvisaga.

Mwanya baina ya bapa na sahani nitausema kwa ufupi. Chuma kinatanuka. Tangi la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, la kipenyo cha mita 2, likipanda kutoka nyuzi 30 hadi 100, linaongezeka zaidi ya milimita 2, na mkono ulio ndani haupati joto wala haupoi sawa na ukuta ulio nje. Ukiacha mwanya wa nywele, mashine itazunguka vizuri kwenye karakana ikiwa baridi, itakwama siku ya kazi. Acha milimita kadhaa. Litabaki tabaka jembamba la makapi sakafuni, libaki. Wako watu wanataka sakafu ing'are baada ya kila tangi, na ndio hao hao wanaonunua sahani mpya kila msimu.

Na chuma gani? Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni eujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake kali. Eujenoli inavimbisha mpira wa kawaida na kulainisha plastiki nyingi, kwa hiyo sili ya mpira, kizuizi cha kuvuja, mliyoitoa kwenye gari bovu haitadumu hapo mhimili unapopenya. Na mafuta yakikaa na chuma cha kawaida yanageuka meusi, mnunuzi anayainua kwenye mwanga, anakutazama, anakata bei. Tumieni stenlesi kwa kila kinachogusana na mvuke, na mkitaka ukingo laini kwenye bapa, wekeni teflini. Inastahimili joto hilo na mafuta hayo. Grisi ya beringi nayo isidondoke ndani. Beringi ikae juu, nje ya kifuniko.

Umeme. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla yake tulitegemea majenereta ya dizeli, na nani angefunga mota ya kuzungusha makapi. Sasa inawezekana. Lakini umeme unakatika na kurudi, hilo halina haja ya kuhutubiwa. Fikirini mota iliyofungwa kwa swichi ya kawaida ya ukutani. Umeme umekatika katikati ya kazi. Mkono umesimama. Mtu anaona hii ndiyo nafasi, anainama mlangoni kuondoa fungu lililokwama. Swichi bado imewashwa, hakuna aliyeikumbuka. Umeme unarudi.

Kwa hiyo tumieni kontakta, yaani swichi ya sumaku, yenye kitufe cha kuwashia: umeme ukikatika inaachia, na ukirudi mota haizunguki mpaka mtu aende kubonyeza kwa kidole chake. Mlango uwe na swichi yake, ukifunguliwa kupita kiasi mota inazima. Na anayetaka kusafisha au kutengeneza azime swichi kuu, atie kufuli, ufunguo auweke mfukoni mwake yeye. Watu wawili, kufuli mbili. Usimwambie mwenzio "niangalizie swichi". Mwenzio ataitwa kunywa chai. Tena kila baada ya kuguswa nyaya za njia tatu, ijaribuni mashine tupu: waya mbili zikibadilishana nafasi, mota inazunguka kinyume, na mabapa yaliyokuwa yanapeleka makapi mlangoni yataanza kuyakusanya katikati kwa bidii ile ile.

Mzee mmoja alinishika mkono hapo nje akaniambia, mwanangu, sisi tumeingia matangini miaka yote na tuko hai. Mzee wangu, nakuheshimu, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hebu tuitazame hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5 wataalamu wa usalama wanaihesabu kuwa ni pungufu, mtu haingii bila ya chombo cha kupumulia. Mvuke unaifukuza hewa tangini. Makapi yaliyoachwa siku kadhaa yanachacha, yanaila oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na inakaa chini, pale pale kijana anapoinama na chepe. Pua haitamwambia kitu, imeshajaa karafuu. Na akianguka, ndugu yake ataruka kumtoa. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika matangi, mashimo na vyumba vya namna hiyo ni watu walioingia kuokoa. Nyinyi mnayajua haya kwa visima na mashimo ya vyoo, sina haja ya kuendelea. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ya 2005 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Sheria tunayo, tangi nalo lina mdomo wazi.

Niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana nauza mota. Kama tangi lako ni la lita mia tano au chini yake, usihangaike na kikwaruzo cha kuzunguka. Tengeneza kikapu cha stenlesi chenye matundu kinachokaa ndani ya tangi, uweke nguzo tatu na cheni bloku juu. Kazi ikisha, unakinyanyua kikapu na makapi yake yote, unakisogeza pembeni, unakipindua. Hakuna mhimili, hakuna sili, hakuna umeme. Uzito tu uuheshimu, na mtu asipite chini ya kikapu kinachoning'inia. Kwa vikundi vingi vya hapa kwetu naona hilo ndilo jawabu, na sitaki kijana akope fedha kwa ajili ya mashine ambayo kikapu kingeifanya kazi yake. Kikwaruzo ni cha tangi kubwa, linalojazwa na kutolewa mara kwa mara, ambalo hakuna kikapu kitakachobeba mzigo wake.

Makapi yakishatoka yaanikeni. Yakikauka yanarudi kwenye boila kuwa kuni, na kuni mnajua bei yake.

Nimemaliza ya kwangu. Karakana itakuwa wazi baada ya sala ya laasiri, na kielelezo cha kikwaruzo kipo, mkizungushe kwa mkono muone mabapa yanavyokabidhiana. Mwenye tangi aje na vipimo: kipenyo, kimo, upana wa mlango alionao na mahali ulipo. Na aje na ndoo ya makapi yake, mabichi kama yalivyotoka, kwa sababu ya majani na ya makonyo hayataki bapa la mshazari mmoja. Sasa maswali. Yule mama aliyenyanyua mkono tangu nilipotaja kikapu ndiye aanze.